Jicho la Mwindaji na Jicho la Mlenga Shabaha: Mfano wa Upare

Waandishi wa historia ya silaha katika Afrika ya Mashariki wamezoea kutuhesabia mitutu, mapipa ya baruti na masanduku ya risasi. Ni wachache wanaotuambia mpigaji alikionaje kile alichokipiga. Lakini bunduki isiyo na namna ya kulenga ni kelele na moshi tu, na kila namna ya kulenga imebeba ndani yake dhana fulani: dhana ya umbali, ya mwanga, na ya mtu anayestahili kuishika. Katika makala haya nataka kuifuata dhana hiyo katika nchi moja ndogo, yaani milima ya Upare, na hasa Usangi, ili ionekane kwa nini darubini ya mwindaji na darubini ya mlenga shabaha ni vyombo viwili mbalimbali, ijapokuwa huuzwa katika duka moja na kufanana kama pacha.

Usangi umekaa ndani ya Upare ya Kaskazini, karibu na msitu wa Kindoroko ambao kilele chake hufika mita 2,113 juu ya bahari. Upande wa mashariki milima huteremka mpaka nyika ya Ziwa Jipe na Mkomazi. Upande wa magharibi liko bonde la mto Ruvu, ambao huko mbele huitwa Pangani. Mtu akishuka kutoka juu huacha migomba na ukungu, akaingia katika miiba na jua kali. Mlimani hapana mahali pa kuona mbali, kwa kuwa kila kilima kimesimama mbele ya kilima kingine. Nyikani jicho hupata nafasi, lakini mnyama naye si mjinga: aghalabu hujitokeza penye uwazi asubuhi na mapema au magharibi, wakati ambapo jicho la binadamu limepungukiwa.

Silaha ya kale ya uwindaji ilikuwa upinde. Chuma kilifuliwa na wahunzi wa Ugweno, hasa wa ukoo wa Washana, ambao sifa ya kazi yao ilifika mpaka kwa Wachaga. Sumu ya mishale katika nchi hizi ilipikwa kwa mti wa msunguti, na kazi yake ni kuusimamisha moyo. Hapa pana jambo la kutazamwa sana. Mshale wenye sumu haudai kupiga moyo wala ubongo. Ukishachoma nyama na sumu ikaingia damuni, kazi imekwisha. Kwa hiyo ustadi wa mwindaji haukuwa katika kulenga alama ndogo kutoka mbali, bali katika kunyata, kuujua upepo, na kumfuata mnyama aliyejeruhiwa mpaka aanguke. Umbali ulishindwa kwa miguu, si kwa jicho.

Gobori lilipofika halikuubadili sana mwendo huo. Baada ya kufa kwa Kimweri wa Usambara, yapata mwaka 1862, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara iendayo Kilimanjaro, akapata bunduki na baruti kwa wafanya biashara wa Pwani. Wapare waliijua bunduki kwanza kwa mashambulio ya kutafuta watumwa, kabla ya kuijua kwa nyama. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kuingia bara kila mwaka. Hesabu hiyo ni kubwa ya kutisha, lakini nyingi za bunduki hizo zilikuwa na mtutu laini usio na mifuo ndani, na risasi ya duara inayotoka katika mtutu wa namna hiyo hupotea njia baada ya hatua chache. Mwenye gobori ilimpasa anyate kama baba yake mwenye upinde. Tena alikuwa na hasara, kwa kuwa gobori halikuwa na sumu na halikuwa na kimya.

Sasa tufike mwaka 1890, mwaka ambao kwa maoni yangu haujapewa haki yake katika vitabu vyetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo mna vifungu vya silaha, navyo vilihusu nchi zote za Afrika zilizo baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki zenye mifuo, zenye kujazwa nyuma na zenye kupiga risasi nyingi mfululizo zilizuiwa, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na kwa watu waliothibitishwa kwamba hawatazitoa kwa wengine. Gobori la jiwe na baruti ya kawaida viliweza kuuzwa kwa ruhusa. Mwezi ule ule, Chama cha Bunduki cha Uingereza kilifungua uwanja wake mpya wa shabaha huko Bisley. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1859, na katika mashindano yake ya kwanza, mwaka 1860, Malkia Victoria alifyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa juu ya kitegemeo, akaipiga shabaha iliyokuwa yadi 400.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Upande mmoja wa dunia ulimwengu wa kulenga mbali unafanywa kuwa mchezo wa waungwana, wenye kanuni, vikombe na vipimo. Upande wa pili ulimwengu huo huo unafungwa kwa sheria. Sisemi kwamba nia ya mkataba ilikuwa ovu; biashara ya watumwa ilikuwa imeunguza vijiji vya Upare kwa moto wa bunduki hizo hizo. Nasema kwamba matokeo yake yalikuwa kumwachia Mwafrika silaha ya kujeruhi na kumnyima silaha ya kuua kwa usahihi. Baadaye kidogo, mwaka 1896, gavana wa Kijerumani von Wissmann alitoa amri ya wanyama wa pori, na tangu hapo mkulima wa Usangi aliyelinda mahindi yake alikuwa na sheria mbili juu ya kichwa chake: moja ya bunduki na moja ya mnyama.

Vita vya 1914 vilileta somo jingine. Makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalianza vita yakiwa na bunduki ya Mauser ya 1871, ya milimita 11, ambayo baruti yake hutoa wingu la moshi. Askari akipiga mara moja adui hujua alipo. Ndiyo sababu ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 ulipokelewa kwa furaha, maana walinyakua bunduki 455 za kisasa pamoja na risasi zaidi ya nusu milioni. Mei 1916 majeshi ya Smuts yaliteremka kwa kufuata reli ya Tanga na mto, na safu moja ikapita mwanya wa Ngulu, kusini ya Usangi, ili kuizunguka ngome ya Lembeni. Katika vichaka vile hata bunduki mpya zilikuwa na kosa la asili. Mauser ya 1898, ilipopewa risasi yenye ncha kali, ngazi yake ya kulengea ilianzia mita 400. Iliundwa kwa nyanda za Ulaya. Askari akimlenga mtu aliye mita 80 mbele ya mwiba, risasi hupita juu ya alama aliyoilenga. Fundi aliyekaa Ujerumani alikuwa amekwisha kuamua, kwa niaba ya askari, adui atakuwa umbali gani.

Darubini ya bunduki ilikuwako zamani. Huko Marekani zilitumika kabla ya vita vyao vya 1861. Lakini ni wawindaji wa Ujerumani na Austria walioilea, na sababu yao haikuwa umbali. Wao walingojea ngiri na paa machweo, pembezoni mwa msitu, na walitaka chombo cha kuwakusanyia mwanga. Vita vilipozama katika mahandaki, serikali ya Ujerumani iliwaomba wawindaji hao watoe bunduki zao zenye darubini kwa ajili ya walenga shabaha wa jeshi. Hivyo chombo cha jioni cha mwindaji ndicho kilichokuwa chombo cha vita, na sifa ya kuua kutoka mbali ikamfunika mzazi wake wa kweli.

Kutoka hapa twaweza kueleza tofauti kwa hesabu nyepesi. Chukua kipenyo cha kioo cha mbele, ukigawanye kwa nguvu ya kukuza. Jibu ni upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Kioo cha milimita 40 chenye kukuza mara 4 hutoa duara la milimita 10. Kioo hicho hicho kikikuza mara 12 hutoa milimita 3 na kitu. Mboni ya jicho la kijana magharibi hufunguka milimita 5 mpaka 7. Kwa hiyo darubini ya kwanza inampa mwanga wote anaoweza kuupokea, na ya pili inamnyima karibu nusu ya upana huo. Tena, kwa mita 100, ya kwanza humwonyesha uwanja wa mita 10 hivi, na ya pili mita 3 tu. Mnyama akitoka katika uwanja wa mita 3, mwindaji huanza kumtafuta kama mtu atafutaye sindano kwa kupitia tundu la ufunguo.

Mlenga shabaha yuko katika ulimwengu mwingine. Shabaha yake haikimbii, mwanga ni wa mchana, umbali umepimwa kwa futi kamba. Yeye hutaka kuona tundu la risasi katika karatasi, na hutaka vifundo vya kurekebishia vinavyosogea robo ya dakika ya digrii, yaani takriban milimita 7 kwa mita 100. Hutaka pia kirekebisho cha ule upotovu unaofanya nyuzi zionekane kuhama juu ya shabaha jicho likisogea kidogo. Darubini ya mwindaji kwa kawaida imefungwa kiwandani kwa mita 100 hivi, nayo yamtosha. Nyuzi za mlenga shabaha ni nyembamba kama unywele. Mwindaji akizitumia gizani, hazioni.

Msomaji asidhani kwamba mwindaji mkubwa alihitaji hata hiyo ndogo. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua ndovu zaidi ya 1,000, alitumia sana bunduki nyepesi ya milimita 7 bila ya darubini. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha akasogea karibu. Mwenendo wake ni ule ule wa mpiga upinde, ila kwamba maarifa ya mfupa yalichukua mahali pa sumu.

Kwa nchi kama Upare kuna jambo moja zaidi, nalo ni hewa yenyewe. Darubini iliyopata joto nyikani Mkomazi mchana, kisha ikapandishwa katika ukungu wa Usangi jioni, hutoa jasho ndani ya kioo ikiwa haikuzibwa vizuri. Darubini za zamani ziliharibika hivyo mara nyingi, na ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo mafundi walipozoea kuzijaza gesi kavu ya naitrojeni na kuziba kila mshono. Mnunuzi wa leo, akiwa na kibali chake chini ya sheria ya silaha ya 2015 na leseni ya uwindaji chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, hana budi kuuliza habari za mshono huo kabla ya kuuliza darubini inakuza mara ngapi. Na bunduki yake ikiwa nzito, apime pia nafasi baina ya jicho na kioo cha nyuma. Vidole vinne vilivyowekwa pamoja si vingi, kwa maana kishindo cha kitako hurudisha pete ya darubini mpaka kwenye nyusi. Mimi ningemshauri achague ile yenye kukuza kutoka mara 1 na nusu mpaka 6, na aitazame nje ya duka saa kumi na mbili na nusu ya jioni, akiielekeza chini ya miti.