Kanyaga!

Abiria aliyechelewa kutoka Keringet kwenda Molo humgonga mwanabodaboda begani: "Kanyaga, kijana!" Amri hiyo ni ya gari, ambako mguu wa kulia ndio hutia mafuta. Kwenye pikipiki mafuta ni kazi ya mkono. Mguu wa kulia hushika breki ya nyuma, wa kushoto hubadilisha gia. Kijana akitii neno kwa neno, safari itasimama papo hapo.

Kutokana na kitenzi kanyaga tumepata kikanyagio. Tamati yake -io hapa hutaja chombo cha kutendea. Kwa hiyo breki na gia zina vikanyagio. Futresti, kwa maoni yangu, haina haki ya jina hilo, maana pale mguu umepumzika tu.

Mvua ikinyesha huku Kuresoi Kusini, waendeshaji huvaa gambuti, na pua yake nene haipenyi vizuri chini ya kikanyagio cha gia. Chenye pande mbili huwafaa zaidi wabebaji wa viazi na maziwa: kisigino kinakanyaga upande wa nyuma, gia inabadilika.

Kisha fundi wa kulehemu huongeza gadi ya chuma mbele ya injini, na kijana akanyoosha miguu juu yake mithili ya mwenye Harley-Davidson. Ila baadhi ya Wamarekani wanaonyoosha miguu hivyo huhamisha mbele vikanyagio vyenyewe pia. Kwenye pikipiki ya Boxer ya hapa breki ya mguu imebaki pale pale ilipowekwa kiwandani, na utelezi haungoji mguu urudi.