Kidole Gumba cha Mzee wa Kanisa

Huku kwetu mlimani, akitawazwa mzee wa kanisa lazima isomwe ile barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya tatu: awe mume wa mke mmoja, nyumba yake aisimamie vizuri, watoto wake wamtii. Watu wanaitikia kwa kichwa. Wakitoka nje wanaanza: kijana wake ako wapi siku hizi? Yule msichana si alipata mimba? Mchungaji wa Meru au Embu anaishi na ushirika mzima dirishani.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia naisoma bila mwalimu wa kunipangia. Mwaka ninaourudia sana ni 1929.

Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti alikuwa Chogoria tangu 1922. (Leo Chogoria iko Tharaka-Nithi, wakati huo ilihesabiwa Meru. Pesa nyingi za kujenga hospitali zilitoka kwa baba mkwe wake, Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi. Familia ilisaidia.) Mwaka huo wa 1929 misheni iliamua kwamba Mkristo lazima aape kuachana na tohara ya wanawake. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba. Kwa Kigikuyu alama hiyo ni kirore, na kiapo chenyewe kikabaki na jina hilo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwalimu wa shule ya misheni, au mwinjilisti. Ukikataa, kazi imeenda, na heshima ya kanisani pia. Ukikubali, binti yako atakua msichana asiyetahiriwa katika nchi ambayo huyo si mtu mzima, hana rika, na mimba yake ni balaa kwa ukoo. Kwa hiyo uadilifu wa baba haukupimwa kwa ulevi wala kwa sadaka iliyopotea. Ulipimwa kwa mwili wa mtoto wa kike, na sijaona mahali popote mtoto huyo aliulizwa.

Wengi waliondoka. Wamethodisti wa Kaaga, karibu na mji wa Meru, walidai ahadi kama hiyo na wakabaki na watu wachache mno. Embu, ambako CMS walikuwa Kigari tangu 1910, ugomvi ulikuwa uleule. Waliotoka walijiunga na shule huru, wakasoma Biblia ileile bila mzungu. Wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisheni na waliotia kidole, uliimbwa mpaka serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930.

Naamini wamisheni walikuwa sahihi kuhusu wembe. Lakini angalia serikali yao wenyewe. Maafisa wa kikoloni Meru waliogopa utoaji mimba wa wasichana ambao hawajatahiriwa, kwa hivyo wakataka watahiriwe mapema, kabla ya kuvunja ungo. Miaka ya thelathini polisi walisimamia tohara za halaiki, watu wakaziita kigwarie. Kwa hivyo mzee aliyetia kidole Chogoria angeweza kulala akiwa amefukuzwa na ukoo, na kesho yake aamke asikie askari wa serikali ya Kikristo wanakusanya mabinti wa jirani. Hapo ungemwambia nini kuhusu kusimamia nyumba yake?

Aprili 1956, katikati ya hali ya hatari, wazee wa Njuri Ncheke walipitisha marufuku ya tohara ya wasichana Meru, afisa wa wilaya akiwa nyuma yao. Kwa mara nyingine wanaume waliamua. Safari hii wasichana walijibu wenyewe. Walinunua nyembe dukani, wakaenda vichakani kwa makundi, wakakatana. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwenye mahakama za Kiafrika. Adhabu mara nyingi ilikuwa faini, na iliyofikishwa mezani kulipwa ilikuwa ya baba.