Pedi za breki

Pedi ya breki ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka gumu la kusugua, ambalo hubana diski inayozunguka pamoja na gurudumu ili kupunguza mwendo wa gari au kulisimamisha. Kila gurudumu lenye breki ya diski lina pedi zisizopungua mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, zikiwa zimeshikwa na kalipa, kifaa kinachozibana kwenye diski. Katika breki za dramu kazi hiyo hufanywa na viatu vya breki, ambavyo mafundi wengi huviita breki shuu. Viatu hivyo hutanuka kutoka ndani na kusugua ukuta wa dramu. Magari mengi madogo yana diski mbele na dramu nyuma, na mpangilio huo una sababu yake. Dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari huegemea mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, mara nyingi zaidi ya asilimia 60.

Kati ya vipuri vyote vya gari, pedi ni miongoni mwa vichache vilivyotengenezwa makusudi ili viishe. Inalika ili diski idumu. Ndiyo maana bei yake ni ndogo ikilinganishwa na vipuri vingine, na ndiyo maana pia biashara yake imejaa ulaghai.

Mwendo kugeuka joto

Breki haifuti mwendo. Inaugeuza kuwa joto, na takriban kila kasoro ya breki inaeleweka vizuri mtu akijiuliza joto hilo limekwenda wapi. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo ya karibu kilojuli 580. Nishati hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji yaliyokuwa na nyuzi joto 20. Dereva akifunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, gari husimama katika muda wa sekunde nne hivi, maana yake breki zimefanya kazi kwa kasi ya kilowati 145 kwa wastani. Injini ya gari dogo la kawaida haifikii nguvu hiyo. Kwa maneno mengine, kifaa chenye nguvu kuliko vyote ndani ya gari si injini, ni breki.

Nishati hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa mwendo umeongezeka mara mbili, lakini joto ambalo breki zinapaswa kulimeza limeongezeka mara nne, na umbali wa kusimama nao vivyo hivyo. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji mita 14 hivi tangu breki ziliposhika. Kwa kilomita 100 huhitaji mita 55. Ongeza mita ambazo gari hupita kabla mguu haujafika kwenye pedali, takriban 14 katika mwendo wa kwanza na 28 katika wa pili kwa dereva anayechukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga. Anayeendesha kwa kasi akiamini kwamba breki zake ni kali hajaipiga hesabu hiyo.

Kutoka mguuni hadi gurudumuni

Mguu wa binadamu peke yake hauwezi kusimamisha tani moja na nusu ya chuma. Kwanza, pedali yenyewe ni wenzo unaozidisha kani mara nne au zaidi. Pili, kati ya pedali na masta silinda, yaani silinda inayosukuma mafuta ya breki, kuna busta, chombo cha mviringo kinachotumia tofauti ya shinikizo la hewa: upande mmoja una utupu unaovutwa na injini, upande wa pili unaingiza hewa ya kawaida pale pedali inapokanyagwa. Injini ikizimika gari likiwa linatembea, busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, ila sasa zinahitaji mguu wa nguvu zote. Dereva asiyejua hilo hudhani zimekufa, huacha kukanyaga, na hapo ndipo ajali hutokea.

Tatu, kuna mafuta ya breki. Mfaransa Blaise Pascal alionyesha katika karne ya 17 kwamba shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Bastola ya masta silinda yenye kipenyo cha milimita 20 ikisukuma mafuta hadi kwenye bastola ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 54, kani inayofika kwenye pedi huwa imezidishwa zaidi ya mara saba. Masta silinda za kisasa zina vyumba viwili vyenye mabomba yaliyotengana, ili bomba moja likipasuka magurudumu mawili yabaki na breki.

Mmarekani Malcolm Loughead ndiye aliyeingiza mfumo huu wa mafuta katika magari mwishoni mwa miaka ya 1910, na Duesenberg Model A iliyotoka mwaka 1921 ilikuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne.

Ngozi, pamba, asbesto

Historia ya pedi ni ya zamani karibu sawa na ya gari lenyewe. Mwezi Agosti 1888, nchini Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari lililoundwa na mumewe Carl na kusafiri nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, akiwa na wanawe wawili. Breki za gari hilo zilikuwa vipande vya mbao vilivyosugua gurudumu. Kwenye miteremko mbao zililika, naye akamwomba fundi viatu njiani azipigilie ngozi. Hiyo ndiyo pedi ya kwanza ya gari inayojulikana katika historia. Mwanamke aliyekuwa barabarani, mwenye haja ya kufika salama, aliona kile ambacho hakikuonekana karakanani: kinachosugua lazima kiwe kitu kinachobadilishwa.

Miaka michache baadaye, Uingereza, Herbert Frood aliwaona wakulima wa Derbyshire wakitumia viatu vikuukuu kuzuia mikokoteni kwenye miteremko. Alianza kutengeneza tabaka za breki kwa pamba iliyolowekwa katika lami na gundi, na kampuni aliyoianzisha mwaka 1897 ikaja kujulikana kwa jina la Ferodo, lililopangwa kutokana na herufi za jina lake. Pamba iliungua magari yalipoongeza kasi. Mwaka 1908 Frood akageukia asbesto, nyuzi za madini zisizoungua, na dunia nzima ikamfuata kwa zaidi ya nusu karne.

Gharama ya uamuzi huo ililipwa na mapafu ya wafanyakazi. Vumbi la asbesto husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, tena huweza kukaa kimya mwilini miaka 20, 30 au zaidi kabla ugonjwa haujajitokeza. Nchi nyingi zimepiga marufuku asbesto kwenye breki, lakini si zote, na kwa macho hakuna awezaye kujua kama kiatu cha breki cha gari kuukuu kina asbesto au hakina. Mafundi wanaopuliza vumbi la dramu kwa hewa ya kompresa wanajidhuru wenyewe, wanafunzi wao na wateja waliosimama kando. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Kufanya hivyo hakuhitaji mashine wala fedha.

Breki ya diski nayo ina umri mrefu. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili mwaka 1902, lakini pedi zake za shaba zilipiga kelele zisizovumilika. Ilishinda hoja mwaka 1953, pale Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Diski iko wazi hewani, hivyo hutupa joto haraka kuliko dramu iliyojifunika.

Pedi za leo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali, grafiti, mpira na gundi ya fenoli, ukashindiliwa na kuokwa kwenye bamba la chuma. Kuna za ogani, ambazo ni tulivu na laini kwa diski lakini huchoka mapema kwa joto. Kuna zenye metali nyingi, zinazovumilia joto na kula diski haraka zaidi. Na kuna za seramiki, ambazo ni ghali, hazina kelele na hutoa vumbi jepesi.

Mafuta yanapochemka

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kwa asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke hubonyea badala ya kusukuma. Pedali huzama hadi sakafuni bila kitu. Gari likipoa pedali hurudi kama kawaida, na fundi aliyeitwa kulikagua hakuti kosa lolote. Katika miji yenye unyevu kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili ni lazima zaidi kuliko anavyodhani mwenye gari ambaye hujazia tu yanapopungua.

Malori mteremkoni

Malori na mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza mitungi, na pedali hufungua njia ya hewa hiyo kwenda kwenye magurudumu. Asili yake ni reli: Mmarekani George Westinghouse alibuni breki ya upepo ya treni mwaka 1869, kisha akaiboresha ili upotevu wa hewa ufunge breki badala ya kuzifungua. Malori yamerithi wazo hilo. Breki zake za kuegesha hufungwa na springi nene zinazozuiwa na hewa, na hewa ikiisha springi hufunga. Kwa hiyo lori linaloporomoka mlimani kwa kawaida halijaishiwa upepo. Limeshindwa na joto.

Lori la tani 40 likishuka kila mita 100 za kimo hutoa nishati ya megajuli 39, sawa na kusimamisha lile gari dogo kutoka kilomita 100 kwa saa zaidi ya mara 60. Dereva akiushuka Mlima Kitonga, Iringa, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, dramu hupata moto na kutanuka, zikijitenga na viatu vinavyozifuata. Tabaka la kusugua nalo hupoteza mshiko linapopata moto kupita kiasi. Hewa imejaa kwenye mitungi, pedali inaitika, na lori linazidi kwenda. Kinga yake ni gia nzito iliyoingizwa kabla ya mteremko kuanza, ili injini ibebe mzigo na breki zibaki baridi kwa ajili ya dharura.

Huko Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako ajali za malori zimeua watu wengi, madereva wamelaumiwa kwa muda mrefu kwa kutoa gia na kuliachia lori liteleze ili kuokoa mafuta. Hata hesabu ya mafuta ni potofu. Injini za dizeli zinazodhibitiwa kielektroniki hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa kwenye gia bila kukanyagwa. Likitolewa gia, injini hulazimika kunywa ili isizimike.

Breki zisizofunga gurudumu

Gurudumu lililojifunga huteleza, na tairi linaloteleza haliongozeki. Mfumo wa ABS, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1978, hupima mzunguko wa kila gurudumu na kulegeza breki mara nyingi kwa sekunde pale gurudumu linapokaribia kujifunga. Dereva husikia pedali ikitetemeka mguuni. Asiiachie. Kwenye changarawe huru, hata hivyo, gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama, kwa sababu gurudumu lililojifunga hukusanya kokoto mbele yake na kujizuia.

Vumbi na shaba

Mwaka 2010 majimbo ya Washington na California, Marekani, yalipitisha sheria za kupunguza shaba kwenye pedi, kwa kuwa vumbi lake huoshwa na mvua hadi mitoni na kuharibu uwezo wa samaki aina ya samoni kunusa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iitwayo Euro 7, iliyopitishwa mwaka 2024, ni ya kwanza huko kuweka kikomo kwa vumbi la breki. Magari ya umeme hupunguza tatizo hilo kwa kuigeuza mota kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo, hivyo sehemu ya nishati hurudi kwenye betri.

Kuchagua na kubadilisha

Pedi mpya huwa na tabaka la kusugua la milimita 10 hivi, na ikifika milimita 3 inafaa kubadilishwa. Nyingi zina kijiti cha chuma kinachogusa diski na kupiga mluzi tabaka linapokaribia kuisha. Mluzi huo ukipuuzwa hufuatiwa na mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na diski huharibika. Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari huvuta upande mmoja.

Mnunuzi atazame ukingo wa pedi kabla ya kulipa. Watengenezaji wengi huchapa hapo herufi mbili za mshiko, ya kwanza kwa joto la kawaida na ya pili kwa joto kali. E ni kipimo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE hupoteza mshiko inapopata moto, na haifai kwa gari la abiria linalopita milimani. Herufi hizo haziahidi uimara wala maisha marefu, na mlaghai anaweza kuzichapa pia. Pedi isiyo na chapa yoyote, au yenye tabaka linaloachana na bamba lake ikibinywa kwa kidole, irudishwe dukani.

Baada ya kuzifunga, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, kwa sababu bastola zimerudishwa nyuma na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Mwombe fundi akuonyeshe pedi za zamani alizotoa, na uzilinganishe ya ndani na ya nje. Moja ikiwa imelika sana kuliko mwenzake, kalipa imeganda, na pedi mpya peke yake hazitaliponya gari hilo.