Jezi, Dhahabu na Daftari la Akina Mama wa Shelui

Msafiri anayetoka Singida kwenda Igunga hushuka Mlima Sekenke na kukutana na Shelui, kabla barabara haijaingia mbuga ya Wembere. Alasiri moja nilikatisha safari hapo ili nitazame fainali ya bonanza kati ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na vijana wa bodaboda. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ametoa jezi na mbuzi wa mshindi. Kampuni moja ilikuwa imeahidi kukishika mkono kikundi cha akina mama wanaolea yatima. Filimbi ya mwisho ilipolia, magodoro na katoni za sabuni vilikabidhiwa, picha zikapigwa, magari yakaondoka.

Katibu wa kikundi, mama wa makamo, alinifungulia daftari lao kubwa. "Mwalimu, tunashukuru," aliniambia. "Lakini tulipoandika barua tuliomba sare za shule na nauli ya kuwapeleka watoto hospitali. Magodoro tulipewa hata mara ile ya kwanza." Nilimwuliza, "Mama, mlikaa nao kikao kabla?" Akatabasamu, akalifunga daftari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali la kihistoria: timu na matajiri wanaposhirikiana kuisaidia jamii, ni nini hubaki baada ya mpira kwisha?

Shelui ina haki ya kuliuliza swali hilo kuliko miji mingi. Mgodi wa Sekenke, ulio jirani, ulikuwa ukitoa dhahabu tangu enzi ya Wajerumani. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, dhahabu yake ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji wa mambo ya kale duniani kote. Mali ilitoka hapa. Thamani yake ikahesabiwa kwingine.

Kusaidiana kwa njia ya michezo hakukuletwa na makampuni. Vyama vya ngoma ya beni vya enzi ya ukoloni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na tarumbeta, lakini pia vilichangiana katika magonjwa na misiba. Katika mazingira ya mijini yaliyojaa vyama vya namna hiyo ndipo vilipozaliwa vilabu vya Dar es Salaam: Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata klabu ambayo leo ni Simba. Mwanachama alikuwa na kadi, alikuwa na sauti mkutanoni, na alikuwa na watu wa kumzika.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma nayo yakawa walezi wa michezo. Tulikuwa na RTC Kagera, CDA ya Dodoma na Reli ya Morogoro. Mfumo ule uliwapa vijana wengi ajira na heshima. Lakini mashirika yalipobanwa kifedha na mengine kubinafsishwa katika miaka ya 1990, timu nyingi za aina hiyo zilififia pamoja nayo. Ziwa lenye mto mmoja hukauka mto ukikatika.

Wana Singida hatuna haja ya kwenda mbali kulithibitisha hilo. Singida United ilirejea Ligi Kuu mwaka 2017, ikapata udhamini wa SportPesa, na mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Baadaye jina la mkoa wetu likavaliwa na vilabu vyenye chimbuko kwingine: Singida Big Stars iliyotokana na DTB, na Singida Black Stars iliyotokana na Ihefu. Sibezi furaha waliyotuletea. Nasema tu kwamba jina huhama kwa urahisi zaidi kuliko mizizi.

Upo mfano wa tofauti. Tangu mwaka 2002, mgodi wa dhahabu wa Geita kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti Ukimwi umekuwa ukiandaa upandaji wa Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya Ukimwi. Nazo mbio za NBC jijini Dodoma, zilizoanza mwaka 2020, zimeelekeza michango yake kwenye vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mtu anaweza kuhoji kama makampuni hujitangaza humo, na hoja hiyo ni halali. Hata hivyo, lengo linajulikana kabla ya mtu kufunga kamba za viatu, na mwakani anayechangia anaweza kuuliza lilifikia wapi.

Kwa upande wa madini, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa. Hiyo ni hatua. Lakini halmashauri si kikundi cha akina mama, na makubaliano ya ofisini hayajui nani anahitaji sare na nani anahitaji nauli.

Hoja yangu ni nyepesi. Kabla ya jezi kununuliwa, daftari la kikundi lifunguliwe mezani, mbele ya nahodha na mfadhili. Timu itaje kiasi itakachochangia, mfadhili ataje miaka atakayobaki, na katibu aandike. Mwaka unaofuata, kabla ya mpira kuanza, asome uwanjani kilichoahidiwa na kilichofika.

Sarafu za tembo ziliondoka Sekenke bila mtu wa Shelui kuulizwa lolote. Yule mama hakuomba dhahabu irudishwe. Aliomba kusomwa barua yake.