Mjamzito na upungufu wa damu: ule nini wakati mgao hautoshi?

Kama wewe ni mjamzito, unanyonyesha au unapanga kupata mtoto, makala hii ni yako. Mume wako na mama mkwe waisome pia, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoamua nini kinunuliwe na nani apakuliwe kwanza.

Katika makazi ya Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali nchini Uganda, mgao wa chakula na pesa umepunguzwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020. Kwa hiyo hatutakuambia ule nyama kila siku. Tutazungumza zaidi kuhusu damu. Kila mama hutokwa na damu anapojifungua, na yule aliyeingia leba akiwa na damu kidogo anaweza kupoteza maisha kwa kiasi ambacho mwenzake angekivumilia.

Dalili ni kuchoka haraka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na viganja kupauka. Lakini wengine hawasikii chochote, kwa hiyo omba kupimwa damu tangu kliniki ya kwanza. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, una upungufu.

Kwenye sahani

Maharagwe, dodo (lengalenga), sombe na matembele vina madini ya chuma, ila mwili hupokea sehemu ndogo tu ya chuma kitokacho kwenye mimea. Unaweza kuusaidia. Kamulia ndimu juu ya maharagwe, au kula pera, chungwa au kipande cha papai pamoja na chakula. Ongeza mukene au sambaza, hata kiganja kimoja kilichosagwa ndani ya mboga. Chuma cha samaki hupokelewa vizuri zaidi, na husaidia kupokea kile cha mboga. Sombe itwangwe na ichemke muda mrefu ili sumu ya muhogo itoke. Mawese ni mazuri, lakini usiyaunguze mpaka yawe meupe, maana hapo vitamini A imeshaharibika.

Ukiwa na shamba dogo, uliza mbegu za maharagwe ya NAROBEAN, aina zenye chuma nyingi zilizotolewa Uganda mwaka 2016. Panda dodo karibu na mahali unapomwaga maji ya kuoshea vyombo.

Sasa chai. Wengi wetu tunakunywa na chakula, au mara tu baada ya chakula. Chai na kahawa huzuia chuma kuingia mwilini. Subiri angalau saa moja. Badiliko hili halikugharimu hata shilingi moja.

Hamu ya kula udongo, bumba au pemba, huwapata wajawazito wengi na si jambo la aibu. Mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Udongo wenyewe unaweza kuwa na minyoo au risasi, na huzuia chuma. Mwambie mkunga.

Katika baadhi ya familia mjamzito hukatazwa mayai, kuku au samaki. Hakuna sababu ya kiafya ya kumnyima. Viive vizuri tu. Pombe, pamoja na ile ya kienyeji, iache kabisa.

Vidonge

Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Kliniki hutoa vidonge vya chuma na foliki: meza kimoja kila siku, si pamoja na chai wala maziwa. Kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku baada ya kula. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Foliki ni muhimu hata kabla ya mimba, kwani uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati wengi bado hawajui kuwa wana mimba. Malaria na minyoo pia hupunguza damu: lala ndani ya chandarua, na meza dawa za kuzuia malaria unazopewa kliniki.

Ukiwa mjamzito ongeza mlo mmoja mdogo kwa siku. Ukinyonyesha, ongeza miwili, hata kama ni uji wenye karanga. Usiache vidonge siku unapojifungua. Uliza uendelee hadi lini. Mzunguko wa mkono wako ukiwa chini ya sentimita 23, muulize mhudumu wa VHT kuhusu lishe ya nyongeza.

Ukiona damu ukeni, maumivu makali ya kichwa, macho kufifia, homa, uso na mikono kuvimba, au mtoto kuacha kucheza, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku. Katika vituo vya serikali huduma ya mama ni bure kwa mkimbizi na kwa mwenyeji.