Kagua chesisi kabla ya kununua Land Rover kuukuu

KATIKA karakana za Kariobangi Light Industries na kwingineko mitaani Eastlands, jijini Nairobi, Land Rover za zamani hufufuliwa hadi zikaonekana mpya. Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda: rangi inayong'aa si ithibati ya uimara.

Kwa kawaida, Kenya hairuhusu uagizaji wa magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo, anayetaka gari kuukuu linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hulitafuta humu nchini.

Bodi ya Land Rover hizo kwa kiasi kikubwa ni ya aluminiamu, isiyoliwa na kutu kama chuma. Chesisi ni ya chuma, nayo huweza kuoza bila kuonekana. Fundi aingie chini ya gari na kuigonga kwa nyundo ndogo. Mlio hafifu huashiria chuma kilicholika.

Nambari za chesisi na injini zilinganishwe na zile za cheti cha usajili, na rekodi za NTSA zikaguliwe kabla ya malipo. Baadhi ya magari haya yametiwa injini za dizeli za Toyota. Iwapo badiliko hilo halikusajiliwa, usumbufu humwangukia mnunuzi.

Uboreshaji uanzie kwenye breki, usukani na springi. Magurudumu makubwa yaje mwisho, kwa kuwa huzielemea ekseli na kuifanya spidomita ionyeshe kasi iliyo chini ya ile halisi.