Skulduggery

Skulduggery ni nomino ya Kiingereza inayotaja matendo ya hila yanayofanywa kwa siri ili mtu au kundi lijipatie faida isiyo ya haki. Hutamkwa takriban "skaldageri". Hutumika zaidi katika habari za siasa, uchaguzi na biashara. Tahajia skullduggery, yenye l mbili, nayo hukubaliwa na kamusi.

Asili ya neno

Wanafunzi wengi hudhani neno hili linatokana na skull, yaani fuvu, na dig, yaani kuchimba, kana kwamba lilihusu wezi wa maiti makaburini. Dhana hiyo inavutia, maana wizi wa maiti ulikuwepo kweli Uskoti, kwa kuwa walimu wa tiba walihitaji miili ya kupasua. Mjini Edinburgh, William Burke na William Hare waliua watu 16 mwaka 1828 na kumwuzia maiti daktari Robert Knox. (Hao wawili, kinyume na wanavyosimuliwa mara nyingi, hawakufukua makaburi, waliua.) Hata hivyo neno letu halitoki huko.

Chanzo chake ni sculduddery, neno la Kiskoti la karne ya 18 lililomaanisha uzinzi, na baadaye maneno au mambo machafu. Asili ya sculduddery lenyewe haijulikani. Umbo lenye g lilijitokeza Marekani katikati ya karne ya 19, na huko maana ikahama kutoka aibu ya chumbani hadi hila za siasa na fedha. Tahajia yenye l mbili ilichochewa na kufanana kwa sauti na neno la fuvu. Mwandishi Derek Landy wa Eire aliuchezea mfanano huo katika riwaya zake za vijana zilizoanza kutoka mwaka 2007: mpelelezi wake, Skulduggery Pleasant, ni mifupa mitupu inayotembea na kusema.

Matumizi

Kisarufi ni nomino isiyohesabika: haitanguliwi na a wala haina wingi wa kawaida. Mara nyingi hufuata kivumishi, kama katika political skulduggery au financial skulduggery. Lina ladha ya mzaha kidogo, hivyo halifai kwa uhalifu wa kumwaga damu.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba skulduggery si jina la kosa la jinai. Katika kashfa ya Watergate, watu watano walikamatwa tarehe 17 Juni 1972 ndani ya ofisi za chama cha Democratic mjini Washington. Watu saba walishtakiwa baadaye kwa makosa yenye majina yake: kula njama, kuvunja na kuingia, na kunasa mazungumzo ya watu kwa siri. Rais Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974. Yote hayo huweza kuitwa skulduggery, lakini neno hilo halisemi nani alifanya nini. Kwa sababu hiyo msemaji huweza kumchafua mpinzani wake bila kutaja tendo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. Msomaji wa gazeti akikutana nalo, aulize kwanza ni tendo gani linalodaiwa.

Tafsiri kwa Kiswahili

Neno lililo karibu zaidi ni mizengwe, linalosikika sana Tanzania, hasa wakati wa kura za maoni ndani ya vyama. Mgombea aliyeenguliwa husema "nimefanyiwa mizengwe", na kama ilivyo kwa Kiingereza, mara nyingi hamtaji mtu wala tendo.

Njama ni finyu zaidi, kwani hudai watu zaidi ya mmoja waliopanga pamoja. Mwenye hila au ghiliba anaweza kuwa peke yake. Hujuma hulenga kuharibu, si lazima kunufaika. Ufisadi huhusu zaidi mali na madaraka ya umma. Kuchakachua, kitenzi kilichovuma kwa habari za mafuta yaliyochanganywa kisha kikahamia kwenye kura, hufaa pale tu kitu kilipobadilishwa: matokeo, hesabu au nyaraka. Mfasiri wa hati ya mashtaka asitumie mizengwe hata kidogo, bali jina la kosa kama lilivyo katika sheria husika.